Chrome Inakubali, iPhone Inakataa

Malalamiko mengi hunifikia kwa WhatsApp, tena kwa kifupi: "Mbona tovuti yenu haifunguki?" Kwenye laptopu yangu hapa Ngong Road kila kitu kiko shwari. Kwa hiyo naanza kwa kuuliza: unatumia simu gani, kivinjari gani, toleo gani? Mtu akinijibu "Chrome ya iPhone", nimeshapata pa kushika. Hiyo ni Chrome kwa jina tu. Apple hulazimisha vivinjari vya iPhone vitumie WebKit, injini ile ile ya Safari, kivinjari chake; injini ndiyo sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora. Umoja wa Ulaya waliondolewa sharti hilo mwaka 2024. Huku kwetu bado. Ukilitafuta kosa hilo kwenye Chrome ya kompyuta, inayotumia injini nyingine iitwayo Blink, utakesha bure.

Kabla sijagusa msimbo, namwomba mteja afungue ukurasa kwenye dirisha fiche (incognito). Humo vidakuzi (cookies) vya zamani havipo, na viendelezi (extensions) huwa vimezimwa isipokuwa umeviruhusu mwenyewe. Ukurasa ukifunguka, injini haina hatia. Kuna kizuia matangazo kinachomeza faili halali kwa sababu tu mtu aliliita ads.js.

Ukikataa hata humo, sasa nashuku msimbo wetu wenyewe. Mara nyingi kivinjari kinacholalamika ndicho kinachosema kweli, na vingine vinatusamehe tu. Chukua mfumo wa kukata tiketi za basi niliowahi kuukagua. Seva ilirudisha muda wa kuondoka kama ulivyokaa kwenye hifadhidata: 2023-04-06 06:30:00. Chrome iliusoma bila shida. Safari ya wakati huo ikatoa "Invalid Date", yaani tarehe batili, na nauli, iliyokokotolewa kwa kufuata siku ya safari, ikaonekana NaN, yaani si namba. Kiwango cha JavaScript, lugha ya skripti za kurasa, kinataka herufi T kati ya tarehe na saa. Ukiacha pengo tupu badala yake, kila injini inajiamulia. Hata ukiweka T, malizia na +03:00, yaani saa za Afrika Mashariki, la sivyo simu iliyoko London itausoma kama muda wa London. Na tarehe tupu, 2023-04-06, husomwa kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa hiyo hapa Nairobi inageuka saa tisa usiku. Wenzangu wengi hulijua hili siku ripoti ya mauzo inapokataa kulingana.

Ukurasa mweupe kabisa ni ugonjwa mwingine. Safari ilianza kuelewa regeksi (ruwaza za kutafutia maandishi) zenye alama (?<= kwenye toleo 16.4, Machi 2023. Injini isiyoielewa haiuruki mstari huo tu. Inalikataa faili zima, kwa hiyo hakuna kitufe kinachofanya kazi. iPhone 7 iliishia iOS 15, na Safari ya iPhone hupanda toleo pamoja na mfumo wa simu. Mwenye simu hiyo, aliyeinunua mtumba mjini, hana la kusasisha. Polyfill, yaani msimbo wa kuziba kile kivinjari kisichokuwa nacho, haisaidii hapa kwa sababu tatizo ni sintaksia, namna msimbo ulivyoandikwa. Andika upya regeksi hiyo, basi.

Shida ni kwamba kuifungua konsoli ya iPhone, panapoandikwa makosa ya ukurasa, kwa zana za Apple kunahitaji Mac, na si kila mtu anayo. Mimi huweka window.onerror, kinasa makosa cha kivinjari, juu kabisa ya ukurasa, kwenye skripti yake ndogo ya peke yake, itume ujumbe wa kosa na jina la kivinjari kwenye seva yetu. Ikiwa ndani ya faili lililokataliwa, nayo itakufa pamoja nalo.

Wanaolalamika kwamba wanatolewa kwenye akaunti kila wakikaa wiki bila kuingia, na wote wako Safari? Tangu 2020 Safari hufuta data ya localStorage (hifadhi ambayo skripti huitumia ndani ya kivinjari) ya tovuti ambayo mtumiaji hajaigusa kwa siku 7 za matumizi ya kivinjari. Hamishia utambulisho kwenye kidakuzi kinachowekwa na seva.

Opera Mini, ikiwa kwenye hali yake ya kubana data kupita kiasi, huendesha JavaScript kwenye seva zake na kuiletea simu matokeo tu. Kwa hiyo siwindi kosa humo. Naweka fomu ya HTML ya kawaida, inayotumwa bila skripti yoyote, halafu naendelea na kazi nyingine.