Mwalimu, Sanduku la Mchanga Latosha Kuanza

Mwanafunzi wa kidato cha pili alinipa kigae alichokitoa kwenye sanduku la mchanga la kujifunzia akiolojia, yaani uchimbaji wa vitu vya kale, shuleni kwao hapa Mombasa, akauliza, "Hiki chaweza kuuzwa pesa ngapi?" Nikamwambia akigeuze, aguse upande wa nje. Masizi yakamshika kidoleni. Ndani hakukuwa na masizi. "Kilikuwa chungu cha kupikia," akasema mwenyewe. Habari ya bei ikaishia hapo.

Mwalimu wake wa historia aligongomea mbao akapata sanduku la mita moja kila upande. Chini akamwaga mchanga, juu yake udongo mwekundu, kisha majivu. Kila tabaka alilifukia vitu vyake: vigae, shanga, mifupa ya samaki, na kwenye majivu vifuniko vya soda. Wanafunzi waligawa miraba kwa kamba na misumari, wakakwangua kwa mwiko wa muashi, na hawakugusa tabaka la chini kabla la juu halijaisha. Udongo wote ulipita kwenye chekeche.

Kitu kikitolewa kabla ya kuandikwa kimetoka mraba gani na tabaka gani, kigae utabaki nacho lakini ushahidi umepotea, na hauwezi kurudishwa. Tabaka la chini kwa kawaida ndilo la kale, ila mtu akija baadaye akachimba shimo la nguzo au la taka, vitu vya juzi hushuka chini. Mwalimu huyu alitega shimo la namna hiyo kwa makusudi. Kifuniko cha soda kilipoonekana kando ya shanga, darasa lilibishana kipindi kizima, na mimi nilifurahi mno kuwasikia.

Hesabu nazo zimo. Chora miduara kwenye karatasi, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja ukizidi wa ndani yake kwa upana wa sentimita mbili. Ukipata kipande cha mdomo wa chungu, kisimamishe kifudifudi juu yake: mduara unaolingana na mviringo wake ndio upana wa mdomo wa chungu kizima.

Baada ya hapo wapelekeni Jumba la Mtwana, kule Mtwapa, wakaone kuta za matumbawe za mji wa karne ya 14. Kwenye ngome ya Fort Jesus, Mombasa, wataona vitu vya Santo António de Taná, meli ya Kireno iliyozama mwaka 1697 ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980.

Lakini kwenye magofu msichimbe, hata kwa kijiti. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makavazi (makumbusho) na turathi yataka kibali. Na mwanafunzi akiona vigae vya kale kwenye msingi wa nyumba unaochimbwa mtaani kwao, asivioshe wala asivibebe. Avipige picha vikiwa palepale, na rula kando, aandike mahali, kisha alete habari kwetu makavazi mapema, kabla saruji haijamwagwa.