Kusoma shairi kwa ajili ya mtihani: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba anayejua arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, amelijua shairi. Mwanafunzi huhesabu mishororo (mistari ya shairi), akabaini kuwa ni tarbia, yaani shairi lenye mishororo minne katika kila ubeti, akaandika kwamba kila mshororo una mizani (silabi) 16, yaani 8 katika ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 katika utao, nusu ya pili, kisha akaweka kalamu chini akiamini kwamba amemaliza. Maelezo hayo yanahitajika, lakini mtahini anayeuliza umuhimu wa mbinu fulani hakuuliza jina lake. Tuitazame mishororo hii miwili, ambayo nimeitunga kwa ajili ya mfano tu:

Moyo wangu umechoka, kungoja asorejea,
Taa yangu naiweka, dirishani yangojea.

Neno "asorejea" ni "asiyerejea" lililofupishwa. Wengi wataandika "inkisari", yaani ufupishaji wa neno, na kuishia hapo. Hebu lirudishe neno katika ukamilifu wake uhesabu upya: utao unakuwa na mizani 9, na ukiusoma kwa sauti utasikia mapigo yakiyumba. Kwa hiyo hapo inkisari inatosheleza mizani, na jibu linalosema hivyo huku likilinukuu neno lenyewe limekamilika. Mazida hufanya kinyume chake, kwa kurefusha neno ambalo silabi zake hazitoshi. Tabdila haigusi idadi ya silabi. Hubadilisha sauti, mara nyingi ili kina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, kipatikane.

Wapo pia wanaodhani kwamba anayesema ndani ya shairi ni mshairi mwenyewe, hivyo wakisoma "moyo wangu" huandika kwamba mtunzi aliachwa na mpenziwe. Nafsineni, yaani huyo anayesema ndani ya shairi, ni sauti iliyobuniwa. Mwanamume anaweza kutunga shairi linalosemwa na mama mzazi, na kijana akatunga linalosemwa na mzee, au hata na mti uliokatwa. Katika mishororo yetu nafsineni anaweza kuwa mpenzi, na anaweza vilevile kuwa mzazi ambaye mwanawe amehama, kwa sababu hakuna neno linalokataa mojawapo ya tafsiri hizo.

Je, hiyo ina maana kwamba kila msomaji na maana yake? Hapa ndipo dhana mbili zinazopingana hukaa pamoja katika darasa moja: kuna anayesubiri mwalimu amfichulie maana moja iliyofichwa, na kuna anayesema lolote kwa kuwa eti ushairi ni hisia. Wote wawili wanapaswa kurudi kwenye maneno. Atakayesema kwamba nafsineni amekata tamaa atakanushwa na mshororo wa pili, kwani taa bado inawekwa, tena kwa kitenzi cha wakati uliopo. Toni ni ya huzuni, lakini ndani yake mna tumaini ambalo mwenyewe hataki kulikiri: moyo unasema umechoka, mkono unaweka taa. Na atakayedai kwamba shairi linahusu gharama ya mafuta ya taa (majibu ya namna hiyo hayakosekani) hana pa kuonyesha kidole.

Kuandika shairi kwa lugha nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, nako hudhaniwa kuwa ni kuondoa koma na kuiunganisha mishororo. Kinachotakiwa ni kurejesha mpangilio wa kawaida wa sentensi, kuyarefusha maneno yaliyofupishwa na kuhifadhi ujumbe bila kuuongezea maoni: "Nimechoka kumngoja mtu asiyerejea, lakini bado ninaiweka taa yangu dirishani imsubiri."

Kuhusu shairi huru nitasema machache. Kutofuata vina na mizani si kukosa umbo. Tazama urefu wa mishororo, mahali inapokatwa, na maneno yanayorudiwa.

Mwisho ni imani kwamba kukariri maelezo ya mashairi yaliyosomwa darasani kunatosha, ilhali mtihani unaweza kuleta shairi ambalo mtahiniwa hajawahi kuliona. Mazoezi yanayofaa ni kulichukua shairi geni na kulisoma mara ya kwanza bila kuandika chochote, kwa sauti kama uko peke yako. Mara ya pili ukipigia mstari msamiati mgumu na kuukisia kutokana na muktadha. Na mara ya tatu ukiandika sentensi moja kwa kila ubeti. Ubeti ulioshindwa kuuandikia sentensi ndio wa kurudia kusoma, kabla hujahesabu mizani hata moja.