Je, Wajua Kwa Nini Theluji ya Nakuru Haifiki Chini?

Krismasi iliyopita dada yangu anayeishi Uswisi alienda likizo mlimani na familia yake, katika mji wa St. Moritz. Jioni moja alitupigia simu ya video tukiwa sebuleni hapa Nakuru, madirisha wazi kwa ajili ya joto. Tukawaona watoto wake wamejifunika mpaka hawatambulikani, wanateremka kilima kwa vigari visivyo na magurudumu, wanarushiana mabonge ya theluji, na kitindamimba wao amezama hadi magotini na bado anacheka. Binti yangu, aliye Gredi ya 6, akamuuliza shangazi yake mji huo uko juu kiasi gani. Akajibiwa: mita 1,822 kutoka usawa wa bahari.

Simu ilipokatika akanigeukia. "Baba, mwalimu alitufundisha kwamba Nakuru iko mita 1,850. Sisi tuko juu kuliko wao. Theluji yetu iko wapi?"

Miaka yote nimekuwa nikijibu swali la theluji kwa sentensi moja: huanguka milimani kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Mtoto alikuwa amelipima jibu hilo kwa namba mbili tu, likaanguka. Nilikaa siku kadhaa nikisoma kabla ya kumjibu, na jibu nililopata lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Theluji yetu ipo. Iko juu ya vichwa vyetu kila wingu kubwa la mvua linapojikusanya juu ya kreta ya Menengai, hapa kando ya mji. Kinachoishinda ni safari ya kuja chini.

Hebu tupige hesabu. Wastani wa joto la Nakuru kwa mwaka ni nyuzi 18 hivi za Selsiasi. Kwa kawaida, kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu. Kwa hiyo ukipanda wima kutoka mjini, baada ya mita 2,800 hivi utakuwa umefika penye sifuri. Jumlisha na zile 1,850 ambazo tayari tunakaa juu yake: kama mita 4,600. Hapo ndipo maji yanaweza kuanza kuganda, na mawingu meusi ya alasiri yanayotokea upande wa Mau hupita hapo na kuendelea hadi mita 10,000 na zaidi.

Ndani ya wingu hilo kitone cha maji baridi sana huganda kwenye chembe ndogo ya vumbi, kisha mvuke huganda juu yake papo hapo, bila kuwa maji kwanza. Molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa pembe sita, ndiyo maana ua la theluji, yaani kile kipande chake kimoja kinachoanguka, huwa na ncha sita, si tano wala nane. Mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, aliunganisha kamera na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885 akafaulu kupiga picha ya ua moja la theluji kabla halijayeyuka. Aliendelea mpaka picha zake zikapita 5,000. Nampenda sana mtu huyo: alikuwa mkulima mwenye ng'ombe wa kukamua, na bado alisimama kwenye baridi kila mwaka kutazama kitu ambacho majirani zake walikisukuma kwa koleo kando ya njia.

Maua kama hayo hufanyika pia juu ya Nakuru. Ila ni mepesi mno. Huteremka polepole kama mtu anayetembea bila haraka, mita moja hivi kwa sekunde. Likivuka ule mstari wa sifuri, ua la theluji linaingia katika hewa ya joto likiwa na karibu kilomita 3 za kwenda, safari ya dakika 45 hivi. Halifiki hata robo. Baada ya mita mia chache limekuwa tone. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mvua ya radi inayogonga mabati yetu ilianza safari yake ikiwa barafu au theluji.

"Na mvua ya mawe je?" aliniuliza. "Mbona yenyewe hufika?"

Hufika kwa sababu ni nzito na ina haraka. Ndani ya wingu la radi kuna upepo mkali unaopanda. Kipande kidogo cha barafu kinachotaka kuanguka hubebwa na upepo huo, na huko juu hukutana na matone baridi kupita sifuri ambayo bado hayajaganda. Matone hayo yakikigusa yanaganda juu yake, tabaka juu ya tabaka, hadi upepo unashindwa kukibeba. Jiwe la ukubwa wa zabibu hushuka kwa zaidi ya mita 10 kwa sekunde, hivyo zile kilomita 3 za joto huzimaliza kwa dakika chache na kutua likiwa bado barafu. Mkipata kubwa, likateni kwa kisu upesi: mara nyingi utaona pete ndani kama za kitunguu, moja nyeupe, moja angavu.

Ndugu zetu wa Kericho na Nandi hawahitaji kufundishwa haya. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda mchana kuelekea nyanda za juu, inakutana na upepo wa mashariki, na mawingu yanafura alasiri. Sehemu hizo ni miongoni mwa zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mkulima wa chai anaweza kupoteza mavuno ya wiki kadhaa kwa dakika 20 za mawe.

Wengi wetu tunaikumbuka Septemba 2008, pale Busara karibu na Nyahururu. Mawe madogo yalinyesha kwa wingi kiasi cha kushikamana, na mteremko mzima ukageuka mweupe. Watu walimiminika kutazama, watoto wakachezea barafu ile, na habari ikaenea kwamba theluji imeanguka Kenya. Ilikuwa mvua ya mawe. Ila furaha ya wale watoto ilikuwa ileile niliyoiona kwenye simu ya dada yangu.

Sasa turudi St. Moritz, maana swali la binti yangu bado halijajibiwa. Kama mji ule na wetu iko juu sawasawa, kwa nini kule theluji hukaa miezi na hapa haigusi ardhi?

Jibu ni jua. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na Desemba upande wa kaskazini huwa umeligeuzia jua kisogo. Pale St. Moritz, adhuhuri ya mwisho wa Desemba, jua hupanda nyuzi 20 tu kutoka upeo wa macho. Hapa kwetu, wakati huohuo, linapita nyuzi 66, karibu na utosi. Nilizima taa nikachukua tochi. Ukiimulika meza kutoka juu, duara la mwanga ni dogo na kali. Ukiilaza tochi, mwanga uleule unatawanyika ukawa mrefu na hafifu. Kule, joto linalotosha kipande kimoja cha ardhi yetu hugawanywa kwa eneo karibu mara tatu. Tena mchana wao ni wa saa 8 na nusu tu, wetu ni 12.

Wengi hudhani kwamba wakati wa baridi dunia huwa mbali na jua. Ni kinyume chake. Mwanzoni mwa Januari ndipo tunapokuwa karibu nalo zaidi, kilomita milioni 147 hivi, na Julai tunafika milioni 152. Umbali hauna uzito hapa. Mwinamo ndio unaoamua.

Theluji ikishaanguka, inajilinda. Iliyo mpya hurudisha angani sehemu 8 hadi 9 kati ya 10 za mwanga unaoipiga, kwa hiyo ardhi chini yake haipati nafasi ya kupata joto. Ndiyo maana wale watoto walivaa miwani myeusi na kupakwa mafuta ya kuzuia jua katikati ya baridi kali.

Milima yetu haina msimu wa namna hiyo. Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, unakaribia mstari wa sifuri, na usiku maji huganda huko. Asubuhi jua la ikweta linapanda na kuyeyusha yote. Mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Olov Hedberg, alieleza hali ya milima hii kuwa ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Mimea yenyewe imezoea: mingine hufumba majani jioni, mingine huvaa majani yake makavu shinani kama blanketi. Nchini Kenya, Mlima Kenya pekee, kwa mita zake 5,199, ndio unaopita mstari ule kwa kiasi cha kubaki na barafu mwaka mzima, na barafu hiyo inapungua kila muongo.

Lugha yetu iliwahi kulijua jambo hili kwa neno rahisi zaidi. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro, na aliyekuwa akimwongoza akamwambia kwamba ule ni "baridi". Wataalamu wa London walikataa kuamini theluji karibu na ikweta. Yule mwongozaji wake alikuwa amesema kweli kwa neno moja.

Kuhusu kuteleza nitasema kidogo. Uso wa barafu, hata chini ya sifuri, una tabaka jembamba ambalo molekuli zake hazijashikana vizuri, na msuguano wa ubao huongeza utelezi kwa kuyeyusha kidogo. Zile mbao ndefu, skii, hutandaza uzito wa mtu asizame, kwani theluji mpya ni hewa tupu karibu sehemu 9 kati ya 10. Philip Boit wa upande wa Eldoret, aliyekuwa mwanariadha wa mbio, alianza kujifunza skii Finland mwaka wa 1996. Miaka miwili baadaye akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amemsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Nilipomsimulia binti yangu, alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nirudie pale pa kusubiri.

Baadaye akachukua atlasi. Alikuwa ameelewa: asitafute mlima mrefu tu, atafute mlima ulio mbali na ikweta, na majira yake. Akaipata Lesotho. Kule Afriski, mita 3,222 juu, watu huteleza kuanzia Juni hadi Agosti, wakati sisi tuko kwenye kipupwe na upande wa kusini ndio ulioligeuzia jua kisogo. Elgon inaipita kwa zaidi ya mita 1,000, lakini Lesotho iko karibu nyuzi 29 kusini ya ikweta. Ameandika "Julai" kwa penseli ukutani, kando ya kabati, na mkebe wa kahawa chini yake tayari una sarafu.