Kidonge chenye dawa mbili hakimaanishi presha imekushinda

Mgonjwa akiandikiwa kidonge kimoja chenye dawa mbili za presha, wapo watakaomwambia, "Basi hali yako imekuwa mbaya." Wengine hukiacha kabisa wakidhani ni kikali mno. Si kweli, na dhana hii inaumiza watu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unapendekeza dawa mseto tangu mwanzo wa tiba, ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Presha hupandishwa na mambo kadhaa kwa pamoja. Chukua kidonge chenye telmisartani miligramu 40 na amlodipini miligramu 5: amlodipini hulegeza misuli ya kuta za mishipa, telmisartani huzuia kazi ya homoni inayoibana mishipa hiyo. Kwa kawaida, kuongeza dawa ya kundi jingine hushusha presha zaidi kuliko kuzidisha ile ya kwanza mara mbili. Tena uvimbe wa miguu unaoletwa na amlodipini huweza kupungua ikitumiwa pamoja na telmisartani.

Hatari halisi iko kwingine, na haisemwi vya kutosha: kumeza kidonge kipya huku ukiendelea na vya zamani vyenye dawa zilezile. Soma majina yote mawili kwenye pakiti, na dawa za zamani mwoneshe mfamasia. Mwanamke mjamzito, au anayepanga kushika mimba, amwambie daktari mapema, kwa sababu telmisartani na dawa za jamii yake huweza kumdhuru mtoto tumboni.