Meko ya bustanini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayetafuta meko ya kuotea moto bustanini huanza na picha: karai jeusi, viti vinne, ndimi za moto zimesimama wima kana kwamba hakuna upepo duniani. Akishaipenda picha anauliza rangi na bei. Mambo mawili yatakayoamua kama meko hayo yatawashwa kila wiki au yatageuka chungu cha maua hayamo pichani: hewa inaingilia wapi, na maji yanatokea wapi. Maneno mengi yasiyo sahihi kuhusu vyombo hivi yanatokana na kuyasahau hayo mawili.

“Meko makubwa yanatoa joto zaidi”

Joto linatoka kwenye kuni, si kwenye chombo. Ukiweka kuni chache kwenye karai pana, kila moja inalala kivyake, inapoa, inafuka. Vijinga vinahitaji kukaribiana ili kila kimoja kipate joto la mwenzake. Ndiyo maana kijinga kimoja ukikitoa motoni na kukiweka kando kinazimika upesi. Ili karai pana liwake vizuri itabidi ulijaze, na ukishalijaza watu wanavuta viti nyuma. Hapo umepoteza kotekote. Joto linalomfikia mtu aliyekaa kando ya moto ni la mnururisho, linasafiri moja kwa moja kama mwanga, huku hewa ya moto ikipaa na kwenda zake. Kadiri unavyosogea mbali, ndivyo linavyopungua kwa kasi: kwa moto mdogo, ukiongeza umbali mara mbili unabaki na kama robo tu ya joto.

Kwa watu 4 hadi 6, upana wa sentimita 60 hadi 90 unatosha. Nasema upana wa ndani. Meko ya matofali yenye sentimita 120 kwa nje na ukuta wa sentimita 20 yanabakiza sentimita 80 tu za kuni. Na kabla ya kununua chochote, zungusha kamba ardhini, panga viti vyako halisi, mkae. Meko ya upana wa mita 1 yanahitaji uwanja wa mita 4 hadi 5 ukihesabu viti na njia ya kupita nyuma yake, na bustani nyingi hukataa hapo hapo.

Kina nacho kinadanganya. Ukuta mrefu unaupendeza moto lakini unakinga mnururisho, kwa hiyo uso unapata joto na miguu inabaki na baridi. Kimo cha sentimita 30 hadi 45 kinamfaa mtu aliyeketi.

“Chimba shimo, zungushia mawe, basi”

Shimo lenye kuta za udongo mtupu linaubana moto: hewa inapaswa kuingilia mlango ule ule ambao moshi unatokea. Mvua ikinyesha linakuwa dimbwi. Ukitaka la ardhini, lipe bomba la chuma la kupitisha hewa kutoka pembeni hadi chini ya kuni, na sakafu ya kokoto ya sentimita 10 hadi 15 ili maji yanywee. Hakikisha pia hakuna nyaya, bomba la gesi wala mizizi mikubwa chini yake. Udongo wenye mboji nyingi unaweza kushika moto wa chinichini usioonekana, ukasafiri kwenye mizizi na kuibukia mahali pengine kabisa.

Mawe ndiyo yanayoumiza watu. Yale laini ya mtoni, ambayo kila mtu huyaokota kwa sababu ya uzuri wake, yanaweza kuwa yamenyonya maji kwenye vinyweleo na nyufa zake. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Mvuke usipopata pa kutokea unapasua jiwe, na vipande vinaruka kwa nguvu ya kutosha kumtoa mtu jicho. Kuyaanika juani wiki nzima hakutoshi, kwa sababu maji yaliyo ndani kabisa hayana haraka ya kutoka.

Hata jiwe kavu lina kikomo. Madini ya kwazi, yaliyomo kwenye graniti na kwenye mchanga mwingi wa ujenzi, hubadili mpangilio wake na kuvimba ghafla yakifika nyuzi 573 za Selsiasi, na moto wa kuni unafika hapo bila shida. Zege linabeba maji ndani yake na linaweza kubanduka vipande vipande kwa kishindo. Kwa hiyo tofali la saruji halifai kuguswa na ndimi za moto, hata muuzaji akikuonyesha picha ya jirani yake aliyelitumia mwaka mzima.

Kinachofaa ndani ni matofali maalumu ya tanuri, yanayostahimili zaidi ya nyuzi 1,000, yakiungwa kwa udongo maalumu wa moto badala ya saruji ya kawaida, ambayo hulegea na kumomonyoka. Njia rahisi zaidi ni pete nene ya chuma ndani, pengo la vidole viwili vitatu, kisha mawe au tofali lolote upendalo kwa nje. Pengo lile si uvivu wa fundi. Linakipa chuma nafasi ya kutanuka na kuukinga ukuta wa nje usichemke.

“Chuma ni chuma”

Ingekuwa hivyo, bei zisingepishana kiasi kile. Karai la bati jembamba la milimita 1 hujipinda mapema, kwa sababu kitako kinatanuka kuliko ukingo na chuma hakina pa kwenda ila kujikunja. La milimita 3 au zaidi linatulia. Umbo la duara linasambaza mkazo vizuri kuliko la mraba, ambalo huanza kuachia kwenye kona zilizochomelewa.

Chuma cha kalibu, kile kizito cha kumiminwa, kinatunza joto muda mrefu hata kuni zikiisha. Udhaifu wake ni kuwa hakijui kupinda, kinajua kupasuka tu. Ukikimwagia maji baridi kikiwa chekundu umekimaliza.

Kisha kuna Corten, chuma chenye rangi ya kahawia ambacho watu huambiwa kuwa kutu yake inakilinda. Ni kweli, ila kwa sharti: tabaka hilo la kutu hushikamana pale chuma kinapolowa na kukauka, kikalowa tena na kukauka tena. Kitakoni, chini ya majivu yaliyolowa, hakikauki kamwe, na hapo kinaliwa kama chuma kingine chochote. Miezi ya mwanzo maji yanayotiririka kutoka kwake yanaacha madoa ya rangi ya chungwa kwenye vigae, na madoa hayo hayatoki kirahisi.

Chuma kisichoshika kutu nacho hushika. Kinaitwa hivyo kwa sababu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, lakini hewa ya chumvi karibu na bahari inakitoboa vitundu vidogo vidogo, na moto unakigeuza rangi ya dhahabu na samawati tangu siku ya kwanza. Rangi hizo si kasoro. Rangi nyeusi inayobanduka kwenye karai la kawaida nayo ni jambo la kutarajia. Piga msasa, paka tena rangi ya kustahimili joto.

Kisichopaswa kabisa kuwashiwa moto ni chombo kilichopakwa zinki: ndoo, beseni au pipa la mabati. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye 907, na moshi wake mweupe ukivutwa huleta homa na kutetemeka. Pipa lililowahi kubeba mafuta au kemikali ni hatari hata kabla ya kuwashwa, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka fundi akilikata kwa moto.

Vyovyote utakavyochagua, geuza chombo utazame chini. Kama hakina tundu la kutolea maji, kila mvua itageuza majivu kuwa uji wa magadi unaokula chuma kimyakimya. Kifuniko kinasaidia, mradi usifunike chombo kilichokwisha kulowa.

“Meko yasiyo na moshi hayatoi moshi”

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Matangazo yamekuja na moto ulioachana na moshi. Ufundi wenyewe si uongo. Meko haya yana kuta mbili. Hewa inaingilia matundu ya chini. Nyingine inaelekea kwenye kuni kupitia wavu, nyingine inapanda katikati ya kuta, inapata joto njiani, kisha inatokea kwenye matundu ya juu karibu na ukingo. Moshi ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua: gesi, lami, chembe za kaboni. Ukikutana na hewa ile ya moto ukiwa bado na joto la kutosha, unawaka. Ukichungulia ndani moto ukiwa umekolea, utaona vindimi vikichomoza kwenye matundu ya juu kama vya jiko la gesi. Ule ndio moshi unaungua.

Lakini mwanzoni, chuma kikiwa baridi, moshi upo. Ukirundika kuni zikapita matundu ya juu, upo. Na kuni zikiwa mbichi, hakuna kuta mbili zitakazokuokoa. Nusu ya uzito wa mti uliokatwa karibuni inaweza kuwa maji, wakati kuni kavu zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 20. Tofauti yote hiyo inabidi ichemshwe kwanza, kwa joto lile lile ulilolifuata wewe. Kuni mbichi hujitangaza: inafyonya motoni, povu linatoka kwenye ncha yake, magamba yanang’ang’ania. Kavu ina nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha mbili zinalia kwa sauti kali.

Jambo lisilosemwa ni kwamba meko haya yanakula kuni haraka, na joto lake jingi linapaa juu badala ya kwenda pembeni. Yanafaa pale majirani walipo karibu na ukuta. Kama unachotafuta ni kupasha miguu, karai la kawaida lililo wazi, lenye kuni kavu, linayashinda.

“Ya gesi ni ya maonyesho tu, ila ni salama”

Nusu zote mbili zina kasoro. Meko mengi ya gesi yana nguvu ya kilowati 12 hadi 18, joto linalohisika vizuri, ila mtungi unaisha haraka kuliko wengi wanavyotarajia: ya kilowati 12 yakifunguliwa hadi mwisho yanakula karibu kilo 1 ya propani, gesi ya mtungini, kwa saa. Cheche hakuna, na hiyo ni faida kubwa palipo na nyasi kavu.

Kuhusu usalama, propani ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Ikivuja haipotei angani. Inashuka na kutuama. Meko yanayoficha mtungi ndani lazima yawe na matundu ya hewa chini kabisa, na yasiwekwe penye bonde au shimo. Mawe ya volkano yaliyolowa mvua yawashiwe moto mdogo kwanza, kwa sababu ile ile ya mawe ya mtoni.

“Nje hakuna gesi ya sumu”

Nje wazi, kweli, inatawanyika. Chini ya turubai lililoshushwa pande tatu si nje. Barazani palipozibwa kwa vioo si nje. Makaa mekundu yasiyo na moshi wala mwali ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Watu wamekufa kwa kuingiza karai la makaa ndani au hemani wakidhani moto umekwisha. Karai jepesi lenye mishikio ni zuri, lakini mishikio hiyo inakaribisha wazo hilo baya.

“Moto ukiwa mdogo, umbali si kitu”

Umbali unaotajwa mara nyingi ni angalau mita 3 kutoka nyumba, uzio wa mbao na matawi yanayoning’inia, na kanuni za mahali pengi zinadai zaidi; ziulize kabla ya kujenga, kwa kuwa meko ya matofali hayahamishiki. Upepo ukivuma upande wa nyumba, mita 3 ni chache. Juu ya sakafu ya mbao, miguu ya karai haitoshi kuikinga, maana mnururisho unashuka pia. Weka vigae au mkeka maalumu wa kuzuia joto, upana wake uzidi wa karai pande zote. Wavu wa kuzuia cheche nunua pamoja na meko, kwa sababu ukinunuliwa baadaye mara nyingi haukai sawasawa.

“Yanachoma chochote”

Yanachoma, na wewe unavuta. Mbao za zamani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa nyingine zina shaba, kromiamu na arseniki. Arseniki inatoka na moshi na kubaki kwenye majivu, ambayo kisha mtu anayamwaga kwenye mboga. Mbao zilizopakwa rangi na plastiki zimo kundi moja.

“Usipouona mwali, moto umezimika”

Majivu ni blanketi. Makaa yaliyofunikwa nayo yanaweza kukaa na moto hadi kesho yake, hata siku kadhaa. Ukiwa unachagua, pendelea meko yenye trei ya majivu inayochomoka, au mepesi kiasi cha kuinamishwa na mtu mmoja. Yasiyo na njia rahisi ya kusafishwa hayasafishwi. Majivu yaende kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, iliyokaa juu ya zege au ardhi tupu, mbali na ukuta. Mfuko wa taka haufai, wala ndoo ya plastiki.