Jalada la Jenerali Slim: kusoma vyeo vya afisa na kumfikia askari wa KAR

Maombi ya kutafuta kumbukumbu za askari wa King's African Rifles (KAR), vikosi vya kikoloni vya Uingereza vya Afrika Mashariki, waliopigana Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia yanaongezeka, na mengi yana maelezo mamoja tu: "Babu alikuwa jeshi la Slim." Hatuna shaka na familia zinazoandika hivyo. Ila Jeshi la 14 la William Slim, jenerali wa Uingereza, lilikaribia watu milioni moja lilipofika kilele chake, na hakuna mtunza nyaraka awezaye kumpata mtu mmoja humo kwa jina la mkuu wa jeshi peke yake.

Tuanze na vyeo, maana ndivyo vinavyozaa malalamiko mengi. Tunaambiwa katalogi zinajichanganya kwa kuwa Slim ni kanali ukurasa huu na brigedia ukurasa ule. Hazijichanganyi. Afisa wa Uingereza aliweza kuwa na cheo cha kudumu na wakati huohuo akavaa cheo cha juu zaidi, cha kukaimu au cha muda, kwa sababu ya kazi aliyopewa. Mwaka 1939 Slim alikuwa kanali kwa cheo cha kudumu huku akitumika kama brigedia. Mwaka 1941 alikabidhiwa Divisheni ya 10 ya India kule Iraq akiwa kaimu meja jenerali. Machi 1942 akapewa Burma Corps (corps ni kundi la divisheni kadhaa) na kuirudisha India kwa miguu mbele ya Wajapani. Oktoba 1943 akashika Jeshi la 14. Ujenerali kamili aliupata Julai 1945, baada ya ushindi wa Imphal na Kohima na kutekwa upya kwa Rangoon. Ukiona cheo, uliza kwanza ni cha aina gani.

Kisha tazama tarehe mbili katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza: ya kuchapishwa na ya kuanza kutumika. Nishani ya ushujaa ya Military Cross aliyoipata kwa vita vya Mesopotamia (Iraq ya leo) vya 1917 ilitangazwa Februari 1918. Anayepekua matoleo ya 1917 hakuti kitu, halafu anatuandikia kwamba ukurasa umefichwa. Hakuna aliyeficha ukurasa. Gazeti hilo linasomwa bure mtandaoni. Tafuta kwa jina la ukoo na herufi za mwanzo, yaani Slim W. J., na kwa miaka ya baadaye tafuta pia "Viscount Slim", kwa kuwa alipewa hadhi hiyo mwaka 1960.

Dhana nyingine inayotuchosha ni kwamba majenerali wote walitoka kwa mabwana na kupitia Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza. Slim alizaliwa Bristol tarehe 6 Agosti 1891 na kukulia Birmingham katika familia isiyo na uwezo. Alifundisha shule ya msingi, akawa karani wa kampuni ya chuma, na mwaka 1912 akaingia kikosi cha mafunzo ya maafisa cha Chuo Kikuu cha Birmingham ingawa hakuwa mwanafunzi wa chuo hicho. Agosti 1914 akawa afisa. Alijeruhiwa Gallipoli, kisha Mesopotamia, akahamia Jeshi la India, kwa Gurkha, askari wa Nepal. Jambo hili lina maana kwa mtafutaji: majalada ya maafisa wa Jeshi la India yako Maktaba ya Uingereza, London, kundi la L/MIL/14, si Kew kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza. Karatasi binafsi za Slim ziko Churchill Archives Centre, Cambridge.

Sasa askari wako. Slim hakuwahi kutumikia KAR. Vikosi hivyo vilimfikia kwa ngazi. Juu ni Jeshi la 14, chini yake Corps ya 33 ya Jenerali Stopford, chini yake Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ya Jenerali Fowkes, yenye brigedi za 21, 25 na 26. Brigedi ya 25 ilikuwa na batalioni ya 11 ya Kenya, ya 26 ya Tanganyika na ya 34 ya Uganda. Divisheni hiyo ndiyo iliyosukuma adui katika bonde la Kabaw, mvua za masika za 1944 zikiwa kali, hadi mto Chindwin. Bila namba ya batalioni utafutaji hauendi popote. Itafute katika kitabu cha kuachishwa jeshi, kwenye barua za zamani, au nyuma ya picha.

Ukishaipata, shajara za vita, yaani kumbukumbu za kila siku za kikosi, za batalioni zilizokuwa Burma zimo Kew, kundi la WO 172. Za nyakati vikosi vilipokuwa Afrika Mashariki zimo WO 169. Nukuu kumbukumbu kamili: herufi, namba ya kundi, namba ya jalada. Ombi lenye "WO 172" peke yake litarudishwa. Usitegemee pia kuona kila askari akitajwa. Shajara hutaja maafisa kwa majina na askari kwa idadi. Mapendekezo ya nishani za ushujaa yako WO 373.

Katika chumba cha kusomea ni penseli tu. Kuandika juu ya waraka, kuukunja au kunyofoa karatasi ni marufuku, hata kama karatasi ina jina la babu yako. Ukitaka nakala, omba nakala.

Msinunue nishani ya vita ya Burma Star kama ushahidi. Waingereza waliitoa bila kuchonga jina, kwa hiyo haithibitishi ilikuwa ya nani, na muuzaji anayeapa vinginevyo anawadanganya.

Kwa askari ambaye hakurudi, anzeni na orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni bure. Wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye Mnara wa Rangoon, makaburi ya Taukkyan. Jaribuni tahajia zote za jina, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia.