Dairekta na mkurugenzi: yanayodhaniwa Mwanza na kazi ilivyo

Vijana wengi hapa Mwanza wanataka cheo cha dairekta wa filamu au cha mkurugenzi wa kampuni kabla hawajauliza kinadai nini. Mmoja anajiita dairekta baada ya kununua kamera, mwingine anachapisha kadi ya biashara yenye neno mkurugenzi wiki moja baada ya kusajili kampuni. Sina ubaya na tamaa hiyo. Ninachohofia ni yale wanayoaminishwa, maana wapo wanaoingia kwenye madeni na kesi kwa jambo ambalo wangelielezwa mapema wangejipanga.

"Mwenye kamera ndiye dairekta"

Dhana hii ina asili yake. Kwenye video nyingi za muziki zinazorekodiwa Capri Point au kwenye mawe ya ufukweni, mtu mmoja hupiga picha, huhariri na huongoza, basi watu wakaona ni kazi moja. Lakini mpiga picha anahangaika na namna tukio litakavyoonekana, wakati mwongozaji, yaani dairekta, anatakiwa ajue kwa nini tukio hilo lipo, mhusika anataka nini pale, na likiisha linafuata lipi. Mengi ya hayo huamuliwa kamera ikiwa bado kwenye begi: kuusoma mswada wa filamu mpaka uingie kichwani, kuchagua waigizaji, kufanya nao mazoezi, kwenda kuliangalia eneo.

Chukua tukio la wavuvi wanaorudi alfajiri kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mwanza ipo karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, hivyo jua hupanda haraka na ile nuru laini ya asubuhi haikai. Ikifika saa sita mchana, kivuli kinaziba macho ya mwigizaji. Mchana huohuo upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na maiki isiyokingwa inabeba upepo kuliko maneno. Tena wachuuzi wa dagaa wana biashara zao, hawawezi kusimama kukusubiri. Mwongozaji aliyefika mapema, akazungumza na uongozi wa soko, akajua mitumbwi huingia saa ngapi na jua litamulika upande gani, atalipata tukio lake. Aliyekwenda na sauti ya kufoka atarudi na vipande visivyoungana. Na kabla ya yote hayo kuna kibali cha Bodi ya Filamu, iliyoundwa kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Ukitaka kurusha droni, utaanzia pia Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

"Filamu ya maisha halisi haihitaji mwongozaji, kamera inaonyesha kilichopo"

Sisi wa Mwanza tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengine. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, ilipigwa hapahapa kuhusu biashara ya sangara, ikafika mpaka kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwa jinsi ilivyouchora mji na nchi. Uwe upande wowote, ona nguvu iliyopo: kuna mtu aliyeamua kamera igeukie wapi, nani asikike, na kipi kikatwe. Ndiyo maana naamini mji unaochorwa na wengine unahitaji waongozaji wake wenyewe.

"Dairekta ndiye mwenye filamu na hela"

Mara nyingi sivyo. Mtayarishaji ndiye anayetafuta fedha na kuingia mikataba, naye mwongozaji hulipwa kwa makubaliano. Andikeni mkataba kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi.

"Nimekuweka mkurugenzi kwenye karatasi tu"

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mjomba anafungua kampuni ya samaki au ya usafirishaji, anahitaji jina la pili, anamwita mpwa wake aliyemaliza chuo: niletee namba yako ya NIDA, wewe saini tu. Mpwa kwa heshima anasaini. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 haina mkurugenzi wa karatasi tu. Jina likishaingia BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni, wajibu umeingia nalo: kutenda kwa nia njema na kwa manufaa ya kampuni, kuwa makini, na kuhakikisha taarifa za kila mwaka zinawasilishwa. "Sikuwa nafika ofisini" si utetezi wa kutegemea.

Wapo wanaojifariji kwamba kampuni ina dhima yenye ukomo, yaani mwenye hisa hadaiwi zaidi ya hisa zake, kwa hiyo deni haliwahusu. Ukomo ule humlinda mwanahisa. Mkurugenzi aliyeshiriki kuendesha biashara kwa nia ya kuwatapeli wadai anaweza kubebeshwa deni yeye binafsi na mahakama. Na ukisaini benki kama mdhamini wa mkopo wa kampuni, umejifunga mwenyewe, kampuni iwe hai au imekufa. Mpwa wetu aombe katiba ya kampuni, aulize madeni yaliyopo na hali ya kodi, akae kwenye vikao na aone kumbukumbu zake zinaandikwa. Akitaka kutoka, ajiuzulu kwa maandishi na ahakikishe BRELA imejulishwa, la sivyo jina linabaki pale. Kumwambia mjomba "nipe siku nisome kwanza" si utovu wa adabu.

Jambo linaloambatana na hili: ukurugenzi na umiliki ni vitu viwili. Unaweza kuwa mkurugenzi bila hisa hata moja, na mwenye hisa nyingi anaweza asiwe mkurugenzi. Wanahisa wana uwezo wa kukuondoa kwa kura, hata kama wazo la biashara lilikuwa lako.

"Ni kazi ya wanaume"

Kathryn Bigelow alichukua Oscar ya uongozaji mwaka 2010, mwanamke wa kwanza kuipata. Hapa nchini Seko Shamte aliongoza filamu ya Binti mwaka 2021. Sina la kuongeza.

"Bila kuhamia Dar hutoboi"

Soko kubwa liko Dar, ni kweli. Lakini kujifunza kunaweza kuanzia hapa: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), kule Malimbe, kinafundisha mawasiliano ya umma, na anayetaka sanaa za jukwaani na uigizaji kwa kina ana chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo. Usajili wa kampuni unafanyika mtandaoni. Kikundi cha ngoma au maigizo kilichopo Igoma au Buswelu kinatafuta mtu wa kukiongozea mazoezi, na huko ndiko unakojifunza kumwelekeza mwigizaji bila kumvunja moyo.